Mimba Baada ya Miaka 40

Wako watu wasemao ya kuwa mwanamke aliyetimiza miaka 40 hawezi kushika mimba. Si kweli. Maadamu hedhi haijakoma kabisa, mimba yaweza kuingia.

Walakini nafasi hupungua, kwa kuwa mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, wala hayaongezeki. Basi mwenye umri huo atakaye mtoto asingoje mwaka mzima. Na amwone daktari mapema pamoja na mumewe, maana ugumba hutoka kwa wanaume pia.

Akiisha kushika mimba, aende kliniki upesi. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mama mjamzito aonwe mara 8, mara ya kwanza kabla ya majuma 12 kupita. Katika umri huo shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari huzidi kutokea. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au uso ukivimba, mume ampeleke hospitali siku ile ile. Ng'ombe akiugua usiku, mkulima hangoji mapambazuko. Sembuse mama wa watoto wake?