Biashara ya Vibanda vya Ziwani Huamuliwa Oktoba

Upande wa mashariki wa milima ya Sierra Nevada, katika jimbo la California nchini Marekani, kuna maziwa madogo yenye vibanda vya mbao vya kukodisha kandokando: June Lake, Silver Lake, Convict Lake, na Twin Lakes karibu na Bridgeport. Yote yako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wageni hufuata samaki aina ya trauti, mitumbwi ya kukodi na hewa ya baridi wakati miji ya bondeni inaungua kwa joto. Kwa miaka mingi msimu wa kuvua trauti huko umekuwa ukifunguliwa Jumamosi ya mwisho ya Aprili na kufungwa katikati ya Novemba, ila fedha nyingi huingia katika wiki kumi hivi, kati ya Juni na Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambayo ni sikukuu ya wafanyakazi huko. Wiki hizo ndizo zinazolipa bima, mishahara na ukarabati wa mwaka mzima.

Wengi hudhani kazi ngumu ni ya Julai, vibanda vikiwa vimejaa na simu hazikatiki. Mimi naona biashara hii hupona au hufa Oktoba, siku ya kutoa maji kwenye mabomba.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na hakuna bomba la shaba wala la plastiki gumu linaloweza kushindana na nguvu hiyo. Kwa hiyo fundi hupita kibanda kwa kibanda. Huzima kwanza umeme au gesi ya hita, maana hita ya umeme ikiwaka bila maji huungua. Hufunga valvu kuu, hufungua koki iliyo chini kuliko zote, kisha hufungua kila bomba jikoni na bafuni ili hewa iingie na maji yashuke. Tangi la choo hukaushwa kwa sponji. Halafu huunganisha kompresa na kusukuma hewa hadi mabomba yateme matone ya mwisho. Sehemu inayosahaulika mara kwa mara ni valvu ya shawa iliyofichwa ukutani: maji kidogo tu yakibaki humo yanatosha kuipasua, na ufa hautaonekana hadi maji yatakaporudishwa na ukuta kuanza kulowa. Kwenye kona ya bomba chini ya sinki hubaki maji yanayozuia harufu ya maji taka. Hayo huchanganywa na kimiminika kisichoganda cha propilini glikoli. Kile cha magari hakifai hapo, kwa sababu kwa kawaida ni ethilini glikoli, ambayo ni sumu.

Baada ya maji, panya. Kibanda kitupu chenye joto kidogo ni makao mazuri kwake, na tundu la milimita 6 linamtosha kupita. Matundu huzibwa kwa nyuzi za chuma, magodoro hufunikwa, na hakiachwi chakula chochote, hata chumvi. Hili si suala la usafi peke yake. Mwaka 2012, katika hifadhi ya Yosemite iliyo kwenye milima hiyohiyo, watu 10 waliugua virusi vya hanta na 3 wakafariki. Karibu wote walikuwa wamelala Curry Village, katika mahema ya kudumu yenye kuta mbili, na panya walikuwa wamejenga viota katikati ya kuta hizo. Virusi hivyo hupanda na vumbi la mkojo na kinyesi kilichokauka. Ndiyo maana anayefungua kibanda wakati wa masika ya huko hapaswi kushika ufagio. Afungue milango na madirisha, akae nje nusu saa, kisha anyunyize dawa ya klorini, asubiri dakika tano, ndipo apanguse kwa kitambaa kibichi.

Kurudisha maji nako kuna utaratibu wake. Maji hufunguliwa polepole huku mtu akisimama ndani ya kibanda akisikiliza na kutazama. Mabomba husafishwa kwa klorini na maji hupimwa bakteria. Tangu Aprili 2016, kanuni za Marekani zinataka mitambo ya maji ya umma inayofanya kazi kwa msimu ithibitishe kwamba imefuata taratibu hizo za kufungua kabla ya kumhudumia mtu.

Kuhusu fedha, nitasema jambo moja. Wageni wengi wa maziwa hayo hurudi mwaka hadi mwaka, wiki ileile na kibanda kilekile, na hutoa malipo ya awali mapema. Mwenye busara hazigusi fedha hizo hadi mgeni afike, kwani huenda njia ikamzuia. Baada ya theluji nzito ya 2023, barabara ya Tioga, inayovuka milima hiyo kwenye kimo cha mita 3,031, ilifunguliwa tarehe 22 Julai. Aliyetegemea wageni wa kupitia huko alikuwa ameshapoteza sehemu kubwa ya msimu.

Kwetu mabomba hayagandi, lakini kufunga kwa msimu tunakujua. Kambi nyingi za kusini na magharibi mwa Tanzania hufungwa masika, karibu Machi hadi Mei. Maji ya uvuguvugu yaliyotuama kwenye mabomba hukuza bakteria wa lejionela, ambao mgeni huwavuta mapafuni kupitia matone madogo ya shawa. Basi wewe unayefungua lodge yako Juni, fungua kila bomba maji yatiririke kabla ya mgeni wa kwanza, pasha hita ifike nyuzi 60, piga deki badala ya kufagia, na andika majina ya waliofanya kazi hiyo, chumba kwa chumba.