Kila Fundi na Kihariri Chake

Waandishi wa programu wana desturi inayowashangaza watu wa nje: chombo kipo, kinafanya kazi, pengine ni cha bure, na bado mtu anakesha akiunda cha kwake. Desturi hiyo huonekana vizuri zaidi katika nasaba ya vihariri, yaani zile programu wanazotumia kuandikia msimbo.

Mwaka 1969 Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, aliandika ed, kihariri kisichokuonyesha mstari wowote mpaka ukiombe. London, George Coulouris akatengeneza em ili binadamu wa kawaida naye apate nafuu. Mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa Berkeley, alichota kwa wote wawili, na kazi yake ndiyo ikazaa vi. Joy alitumia terminali ya ADM-3A, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l. Leo karibu kila kibodi ina vitufe vya mishale, lakini watu wa vi bado wanatembea kwa herufi hizohizo. Watakwambia ni kwa sababu vidole havihami, na ni kweli. Ila pia ni jando: mgeni aliyeshindwa hata kutoka ndani ya vi huchekwa kwanza, ndipo afundishwe.

Kilichowatawanya zaidi ni sheria. Vi ilibeba msimbo wa ed, mali ya AT&T, hivyo haikuweza kugawiwa ovyo. Waliotaka mfano wake wakaandika upya: Stevie ya Atari ST mwaka 1987, halafu Elvis, halafu nvi. Mholanzi Bram Moolenaar alikuwa na kompyuta ya Amiga, na vi ya kumridhisha hakuipata. Mwaka 1988 akaichukua Stevie na kuanza kuirekebisha. 1991 akaitoa hadharani kwa jina la Vim, akikiri waziwazi kwamba ni mwigo wa vi.

Kukiri huko ndiko adabu yenyewe. Kunakili si aibu kwao. Aibu ni kuficha ulikonakili. Isitoshe, kuusoma msimbo wa mwenzako ni kazi nzito kuliko kuandika wako, na aliyejenga chake anakijua mpaka uvunguni. Mwaka 2016 Salvatore Sanfilippo wa Italia alitoa Kilo, kihariri chenye mistari isiyofika 1,000. Hakikuja kumng'oa mtu. Wanafunzi wengi wamekijenga upya, mstari kwa mstari, ili tu waelewe kihariri hufanyaje kazi.

Majivuno nayo yapo, tusidanganyane. Vihariri vingi hufa vikiwa na mtumiaji mmoja, ambaye ndiye mwundaji, na saa zilizopotea humo zingeweza kuondoa kasoro nyingi katika vile vilivyopo. Hata hivyo, mara nyingine mzee hasogei mpaka kijana ahame nyumba. Mwaka 2014 mwanaprogramu mmoja wa Brazil alipendekeza Vim iweze kufanya kazi nyingine kando bila kumsimamisha mwandishi. Pendekezo lake halikupokelewa, naye akachukua msimbo wote, kama leseni ilivyoruhusu, akaanzisha Neovim. Miaka miwili baadaye Vim 8 ikatoka ikiwa na uwezo huo.

Kuhama huko hakukuvunja undugu. Mwaka 1994 Moolenaar aliishi Kibaale, kusini mwa Uganda, akijitolea katika kazi za maji na usafi. Tangu hapo Vim ilitolewa bure kwa ombi moja tu, kwamba anayeipenda awachangie watoto wa huko. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Neovim, iliyotoka kwake kwa kutokubaliana, nayo ililibakiza ombi la watoto wa Uganda kwenye ukurasa wake wa kwanza.