SIMU INAPIGAJE PICHA?

Tuseme mama mmoja ana shamba la mihogo. Siku moja anaona majani yamejikunja na yana mabaka ya njano. Anashtuka. Mvua za kupandia zimekaribia, na jirani zake watatu wamemwomba pingili za mbegu. Je, awape? Kama mihogo ina ugonjwa wa batobato, pingili hizo zitaupeleka ugonjwa kwenye mashamba yote matatu.

Bwana shamba yuko mbali. Jua likizama, mama anachukua simu ya mwanawe, anapiga picha ya jani na kumtumia. Baadaye simu inalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona?"

"Nimeiona mama, lakini imejaa chengachenga tupu. Rangi ya jani haieleweki. Sijui ni ugonjwa au ni giza."

Simu ya mama si mbovu. Wala mama hakukosea kubonyeza. Basi tatizo ni nini? Ndugu msomaji, tuingie ndani ya kamera tuone kazi inavyofanyika.

Vikapu vya mwanga

Nyuma ya kioo cha kamera kuna kipande kidogo cha silikoni. Wataalamu wanakiita kihisi. Kimegawanywa kwa mistari, kama shamba lililopimwa vizuri. Kila sehemu ni nukta moja, nayo inaitwa pikseli. Ukisikia simu ina megapikseli 12, maana yake kihisi chake kina nukta milioni 12.

Mwanga ukigonga silikoni, unabandua chembe ndogo sana za umeme zinazoitwa elektroni. Ni kama upepo unavyoangusha korosho mtini. Kila nukta ina kikapu chake cha kupokea chembe hizo. Mahali penye mwanga mwingi, kikapu kinajaa. Mahali penye giza, kikapu kinabaki karibu kitupu. Kikapu kikijaa pomoni, zinazozidi hazihesabiwi. Ndiyo maana ukipiga picha kuelekea jua, mbingu inakuwa nyeupe tu.

Kupima na kuandika

Korosho zikishaokotwa, hupimwa na karani huandika hesabu. Kamera nayo hufanya hivyo hivyo. Umeme wa kila kikapu hupimwa, kisha huandikwa kwa tarakimu. Namba ndogo ni giza, namba kubwa ni mwanga. Kwa hiyo picha ya simu ni daftari la namba.

Mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith wa maabara ya Bell, huko Marekani, walibuni njia ya kupitisha umeme kutoka kikapu hadi kikapu, mpaka ufike kwenye mzani mmoja pembeni. Kwa kazi hiyo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwaka 1975, Steven Sasson wa kampuni ya Kodak alitengeneza kamera ya namna hiyo. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kanda ya kaseti!

Katika miaka ya 1990, Eric Fossum na wenzake huko Marekani waliendeleza njia nyingine. Kila nukta ikapewa chombo chake cha kukuza umeme, na vipimo vikasomwa mstari baada ya mstari. Simu za leo zinatumia njia hii. Lakini angalia: mstari wa juu ukishasomwa, wa chini bado unangoja zamu yake. Kitu kikienda mbio kinaweza kutoka kimepinda. Ukiwa ndani ya basi linalokimbia, piga picha nguzo za umeme. Utaziona zimelala upande!

Rangi zinatoka wapi?

Kikapu hakijui rangi. Kinajua wingi wa mwanga tu. Kwa hiyo juu ya kila nukta kumewekwa kichujio kidogo cha rangi. Katika kila nukta nne, mbili zina kichujio cha kijani, moja nyekundu na moja bluu. Mpango huu ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, na hati yake ya uvumbuzi ilitolewa mwaka 1976.

Sasa basi, nukta ya kijani itajuaje wekundu wake? Simu huangalia nukta jirani na kukisia. Pia hukisia ni mwanga wa aina gani unaomulika, wa jua au wa taa, kisha hurekebisha rangi zote. Ikikisia vibaya, jani la kijani linaweza kuonekana la njano.

Kwa nini chengachenga?

Karani anaweza kukosea korosho mbili. Kikapu kikiwa na korosho elfu moja, kosa hilo si kitu. Kikiwa na korosho tano, kosa hilo ni kubwa sana. Isitoshe, mwanga wenyewe haudondoki sawasawa katika kila kikapu.

Jioni vikapu havina kitu. Simu inataka picha ing'ae, kwa hiyo inazidisha namba zote. Inazidisha ukweli, na makosa inayazidisha pia. Makosa hayo ndiyo chengachenga alizoziona bwana shamba. Tena gizani simu hufungulia vikapu kwa muda mrefu zaidi. Mkono ukitikisika kidogo, picha inachafuka.

Mama afanye nini?

1. Afute kioo cha kamera kwa kitambaa laini na safi.
2. Apige picha mchana, kwenye mwanga wa kutosha, lakini asielekeze kamera kwenye jua.
3. Ashike jani lisipeperushwe na upepo. Mkono wenye simu autulize.
4. Asogee karibu na jani. Kuvuta picha kwa vidole hakuongezi nukta.
5. Aweke karatasi nyeupe kando ya jani, ili bwana shamba aone kama rangi zimebadilika.
6. Atume picha ya jani, na nyingine ya shina zima.

Na jirani zake je? Wangoje kwanza. Pingili zisikatwe mpaka jibu lipatikane. Hata picha nzuri haitoshi kila mara. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, kwa mfano, unaweza kujificha ndani ya muhogo, na majani yakaonekana mazima. Hapo ni lazima muhogo ung'olewe na kukatwa. Kwa hiyo bwana shamba akisema, "Mama, nitakuja mwenyewe," mngojeeni.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini picha ya jioni ina chengachenga?
2. Kwa nini nguzo hulala upande katika picha iliyopigwa ndani ya basi?
3. Je, rangi katika picha ya simu ni za kuaminiwa siku zote? Elezeni.