Kifungo cha Ngozi Yenyewe

Mtu akipewa fedha za wenziwe kuzipeleka mbali, mkoba usiofungika vema humtia mashakani njiani. Wengi hushona vifungo vya chuma. Lakini chuma hushika kutu, na ngozi iliyotengenezwa kwa maganda ya mkandaa, ikirowa huku imegusana na chuma, hufanya madoa meusi. Sisi twapendelea kifungo cha ngozi.

Kata ukanda wa inchi 6: nusu yake iwe na upana wa inchi 1, nusu ya pili iwe mkia mwembamba wenye ncha. Uloweke kidogo. Anzia mwisho ulio mpana, uukunje kwa nguvu kama mkeka mpaka ufike shina la mkia. Ndipo utoboe katikati kwa msharasi, tabaka zote, upenyeze mkia na kuuvuta hata ukaze. Wenye haraka hukunja ngozi kavu, na vifungo vyao hufumuka. Kisha mkia uingie katika kitundu cha mkoba, upigwe fundo kwa ndani.

Katika kifuniko kata mwanya mfupi kidogo kuliko kifungo, kiingie kwa kuinamishwa, kwani ngozi hutanuka. Lakini kwanza toboa tundu la duara penye kila mwisho wa mwanya. Bila hayo, mkoba ukijaa sana, kifuniko hupasuka.