Hoteli ya Askari na Hesabu Zake

Askari wengi wa jeshi na wa polisi, wanapokaribia kustaafu, huwa na azma ya kufungua hoteli ya chakula. Azma hiyo ni njema. Upande wa Kitswamba, wilayani Kasese, abiria wa Fort Portal hupita kila siku, nao huona njaa kama watu wengine. Lakini kiinua mgongo cha miaka mingi chaweza kuteketea jikoni, hali mwenyewe aiona droo imejaa noti kila jioni.

Chombo cha kumfumbua macho ni lahajedwali, yaani karatasi ya hesabu iliyomo ndani ya kompyuta, na siku hizi hata ndani ya simu. Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitunga ile iitwayo VisiCalc, iliyoanza kuuzwa mwaka 1979. Ubora wake ni huu: tarakimu moja ikibadilishwa, hesabu zote zinazoitegemea hujibadilisha zenyewe.

Natuchukue mfano. Sahani ya wali na maharagwe yauzwa Sh. 5,000, na vitu vyake vyagharimu Sh. 2,800. Wafanyakazi watatu walipwa Sh. 30,000 kwa siku, makaa Sh. 20,000, pango Sh. 10,000, maji na umeme Sh. 7,000. Hizo ni Sh. 67,000, wateja waje wasije. Zikiuzwa sahani 60, faida ni Sh. 65,000. Sasa mchele na mafuta vipande bei, vitu vya sahani moja vifikie Sh. 3,500. Badilisha kisanduku hicho kimoja tu: faida yashuka hadi Sh. 23,000. Sahani zikiwa 40, droo ina Sh. 200,000, kumbe pana hasara ya Sh. 7,000! Kuanzia sahani 45 ndipo hoteli hujilipia.

Je, mfanyakazi mmoja apunguzwe? Karatasi itaonyesha Sh. 10,000 zilizookolewa, haitaonyesha abiria walioondoka bila kula kwa sababu dereva alikuwa akipiga honi. Hapo mwenye hoteli hana budi kutumia macho yake.

Safu inayosahauliwa mno ni ya madeni. Ni vigumu kumnyima chakula mwenzako wa handakini anaposema, "Andika, afande, nitalipa mwisho wa mwezi." Basi na iandikwe, siku ile ile. Kati ya zile sahani 60, tano tu zisipolipwa, Sh. 25,000 zimepotea, na faida yote ya Sh. 23,000 imekwenda nazo.