Kidole na Pua Iliyoziba Rumangabo

Rumangabo iko kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, chini ya mlima Mikeno, penye makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Volkano mbili jirani, Nyiragongo na Nyamulagira, ni miongoni mwa vyanzo vikubwa duniani vya gesi ya salfa dioksidi. Barabarani kuna vumbi, na jikoni kuna moshi wa mbabula. Mwenye pua nyepesi hapa hahitaji kwenda mbali kutafuta cha kumpigisha chafya.

Pua iliyoziba kwa kawaida haikujaa kamasi tu. Ndani yake mna mikunjo ya nyama yenye mishipa mingi ya damu, ambayo hutanuka na kusinyaa kwa amri ya neva. Kwa mwenye mzio, seli za kinga hukutana na chavua au vumbi, humwaga kemikali iitwayo histamini, mishipa hutanuka na njia ya hewa hubana. Moshi na salfa hufikia matokeo yanayofanana bila mzio wowote, kwa kuchokoza utando wenyewe. Kwa hiyo pua inayowasha na kutoa maji meupe huashiria mzio. Inayochoma kila jiko linapowashwa inalalamikia jiko.

Hapo ndipo kidole huletwa, kwa njia ya akupresha: kubonyeza kwa kidole nukta ambazo tabibu wa Kichina huzichoma sindano. Kwa pua, hutajwa kwanza Yingxiang, iliyo kando ya tundu la pua, kwenye mfereji unaoshukia pembe ya mdomo. Kisha Hegu, kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, ambayo kwa desturi mjamzito huambiwa asiiguse. Hubonyezwa kwa nguvu ya wastani, dakika moja au mbili. Nadharia ya asili husema hapo hufunguliwa mikondo ya chi, nguvu ya uhai. Shirika la Afya Duniani limesanifisha majina ya nukta 361 za aina hiyo, ingawa kukubaliana juu ya anwani si kuthibitisha kwamba nyumba ina mtu.

Hata hivyo, wazo kwamba mguso wa nje waweza kubadili pua si la ajabu. Anayelalia ubavu wa kulia huzibwa tundu la kulia, la kushoto likafunguka. Mkandamizo kwenye kwapa huleta matokeo hayo hayo kupitia neva. Mazoezi ya mwili nayo husinyaza mishipa ya pua. Kinachobishaniwa ni iwapo nukta fulani ina uwezo kuliko ngozi iliyo pembeni yake.

Ushahidi bora unahusu sindano, si kidole. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha watu 422 wenye mzio wa chavua. Baada ya wiki nane, waliochomwa kwenye nukta halisi walikuwa na nafuu kiasi kuliko waliochomwa mahali pasipo nukta. Kufikia wiki ya 16, tofauti ilikuwa imetoweka. Chavua yenyewe ilikuwa ya nyasi na mti wa mbetula, ambao Rumangabo haujapata kumsumbua mtu.

Kidole, basi, kinaweza kutuliza dalili kwa muda. Hakizuii histamini wala hakisafishi hewa. Mpangilio wa busara huanza na chanzo: kupikia nje au penye dirisha, na kwa wanaoufikia, umeme wa kituo cha Matebe, ambacho hifadhi ilikizindua mwaka 2015. Kisha kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, halafu dawa za mzio. Matone ya kufungua pua yasizidi siku chache, kwani yakizidi huziba kile yalichofungua. Homa, usaha wa upande mmoja au kifua kinachopiga filimbi ni mambo ya kituo cha afya.

Baada ya hayo yote kidole kina nafasi yake, hasa usiku duka la dawa likiwa limefungwa. Hakiuzwi, hakina kipimo cha kuzidisha, na hakimdhuru mtu asiyekidai zaidi ya nafuu ya dakika chache.