Mbege kwenye Kapeti, Perege kwenye Buti

Marashi ya kuning'iniza kwenye kioo hayaondoi harufu garini. Yanaongeza nyingine juu yake. Pua hunusa chembe zinazoruka hewani, nazo zitaendelea kuruka maadamu chanzo chake kimo ndani. Kwa magari ya Moshi chanzo mara nyingi ni mzigo: perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu waliochuruzika kwenye buti, dumu la pombe ya mbege lililopinduka kwenye kona za Marangu, au maziwa ya asubuhi kutoka Kibosho.

Mizigo hii haina dawa moja. Harufu ya samaki hutoka kwenye amini, kemikali za upande wa alkali. Zikikutana na asidi ya siki au limau hugeuka chumvi, na chumvi hairuki hewani. Ndicho anachofanya mpishi anapomkamulia samaki limau. Mbege iliyochacha imejaa asidi tayari, na mafuta ya maziwa yakiharibika hutoa asidi ya butiriki, ile yenye harufu kama ya matapishi. Hapo siki haisaidii kitu. Changanya vijiko viwili vya bikabonati ya soda kwenye lita moja ya maji, lowesha doa, liache likae kidogo, kisha suuza. Magadi ya kuchemshia maharage ni makali zaidi. Yaweke mbali na viti vya ngozi.

Kosa kubwa ni kusugua kitambaa na kuacha sponji iliyo chini yake. Maziwa hushuka hadi chini, kwa hiyo kiti kifunguliwe, kapeti ling'olewe na kuanikwa juani mpaka sponji ikauke kabisa. Anza na maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha protini humo humo. Na kabla ya kugusa waya zilizo chini ya kiti, fundi achomoe betri: huenda kuna waya za eabegi.

Masika, Machi hadi Mei, huleta tatizo la pili: kuvu. Dereva huondoka mjini kwenye joto akiwa na AC, na akipanda Marangu baridi ikianza, anazima kila kitu. Maji yaliyojikusanya kama umande kwenye ivapureta hubaki gizani, na kuvu huota hapo. Zima ubaridi mapema, uache feni ipulize dakika tano hivi. Kwenye Toyota nyingi zitokazo Japani filta ya AC iko nyuma ya droo ya dashibodi. Ikiwa nyeusi, badilisha. Kapeti la abiria wa mbele likilowa bila mvua, kagua mpira wa kutolea maji ya AC. Mara nyingi umezibwa na uchafu.

Nalisisitiza hili kwa ajili ya mtoto mwenye pumu. Vijimbegu vya kuvu vinaweza kumbana kifua, na marashi yanayopulizwa kuvifunika yanaweza kufanya vivyo hivyo.

Usichanganye jiki na siki au limau: hutoa gesi ya klorini, hatari kubwa ndani ya gari lililofungwa. Na vioo vikipata ukungu wenye mafuta huku harufu tamu ikitoka kwenye matundu ya hewa, acha kusafisha. Huenda hita inavujisha kulanti, na kazi hiyo ni ya fundi.